Pipa langu lilikataa kuwaka

Ndugu na dada wenye diplomu, nilirudi nyumbani Bukavu na lisansi ya kemia, nikakuta mama angali anapuliza mbabula. Makala inakula pesa ya nyumba. Nikamwambia: niachie maganda, nitakupikia na gazi.

Nikachukua pipa ya plastiki ya litre 200, nikatia maganda ya ndizi, mabaki ya bugali na maji, nikafunga hewa isiingie. Tiyo ilipeleka gazi mu mpira wa ndani wa tairi ya lori. Wiki tatu: harufu ya siki, moto hapana. Mama alinyamaza. Majirani ndio walisema.

Kosa lilikuwa langu. Mu pipa, mikrobi wanapokezana kazi. Wa kwanza wanavunja wanga na sukari, wanatoa asidi, na wako na haraka. Wa mwisho wanageuza ile asidi kuwa metani, lakini wanazaana polepole, na asidi ikizidi wanasimamisha kazi. Bugali inavunjika haraka sana: nililisha wa kwanza mpaka wakashiba, wa mwisho hata sikuwaleta. Hao wanaishi tumboni mwa ng'ombe.

Mara ya pili nilianza na mavi mabichi ya ng'ombe, ndoo kwa ndoo na maji, bila ganda hata moja. Nikangoja zaidi ya mwezi, juu mikrobi wanapenda nyuzi 35 hivi, na Bukavu iko mita 1,500 juu, baridi. Gazi ya kwanza ni kaboni dioksidi mingi, haiwaki; niliiachilia. Kisha maganda yaliyokatwakatwa, kidogo kidogo kila siku. Tiyo inapita kwanza mu chupa ya maji, moto usirudi nyuma. Na usijaribu kibiriti mdomoni mwa pipa, hata kama umechoka kungoja (mimi nilitamani!).

Sasa inawaka bluu, dakika kumi na kitu kwa siku. Chai inachemka. Mama akauliza: na maharagi? Maharagi ya nyumba nzima yanataka mtambo wa mita za ujazo kadhaa, na ng'ombe wawili watatu karibu. Sisi tuko na parseli ya mteremko na mbuzi mmoja. Makala tungali tunanunua, ila asubuhi mbabula haiwashwi, na yale maji meusi ya pipa mama anamwagia ndizi zake.