Mahame na Wenyeji Wake

Neno hame latokana na kitenzi kuhama, nalo maana yake ni mahali palipoachwa na watu: kiwanja cha nyumba iliyoanguka, mji uliovunjika, au shamba lisilopaliliwa miaka mingi. Lakini jina hili lasema nusu tu ya habari. Watu wamehama, wengine wamehamia. Mwalimu atumaye wanafunzi kufyeka mahali pa namna hiyo yampasa kuwajua wenyeji hao kwa majina, maana mara nyingi jina ndilo onyo lenyewe.

Tutwae kwanza majimoto. Hawa ni chungu wekundu wakaao juu ya miembe, mikarafuu na minazi. Hushona majani mabichi kwa uzi utokao vinywani mwa watoto wao, ambao wakubwa huwashika na kuwapitisha huku na huku, kama mshonaji apitishavyo sindano. Mtu akikata kwa panga tawi lenye kiota, humwangukia shingoni kwa wingi. Huuma kwa meno, kisha hutia tindikali katika jeraha, naye huhisi kana kwamba amemwagiwa maji yaliyochemka. Mgeni asiyejua lugha, akisikia mtu juu ya mti akilia "Majimoto!", huenda akatafuta birika.

Siafu ni wengine kabisa. Hao huenda chini kwa safu, hasa nyakati za mvua, na wafanyao kazi miongoni mwao hawana macho. Mara nyingi wamekwisha kupanda mpaka mapajani kabla mtu hajasikia chochote. Wakiingia nyumbani, wazee walitoka na kuwaachia, kwa kuwa wakiisha kupita hawakuacha mende hata mmoja.

Nyuki hupenda matundu ya kuta za magofu. Aliyekwisha kuumwa asisimame akipunga mikono, maana mahali palipochomwa hutoa harufu iwaitayo wengine. Akimbie mbali, tena aingie ndani na kufunga mlango.

Katika nyoka, twaona jambo la ajabu kidogo: mmoja ana majina matatu, moma, kifutu na bafe. Ni mnene, mwenye rangi za majani makavu, naye hutegemea rangi hizo hata hakimbii asikiapo hatua za mtu. Basi wengi huumwa kwa kumkanyaga tu. Swila ni wa namna nyingine: huinua kichwa na kutema sumu kuelekea machoni, na vichuguu vya zamani ni nyumba yake. Macho yaliyotemewa yaoshwe kwa maji safi mengi. Aliyeumwa na nyoka yeyote asichanjwe, wala jeraha lisinyonywe, wala asifungwe kamba. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini ni heri kushtuka kabla: watoto watangulize fimbo ndefu katika majani, wala wasitie mikono wasipopaona.

Hata hivyo, si kila auumaye mtu ni adui wa shamba, na hapa yatubidi kuwarudia majimoto. Mwenye minazi akiona viota vyao huagiza vichomwe moto, na wachumaji wa karafuu humsifu. Lakini mwaka 1953 mtaalamu wa wadudu M. J. Way alieleza, baada ya uchunguzi wake Unguja, kwamba majimoto huilinda minazi na mdudu mmoja afyonzaye matunda yangali machanga, hata vidaka vikapukutika kabla ya kuwa madafu. Penye majimoto wengi, mdudu huyo hupungua. Adui wa majimoto ni chungu wadogo wa ardhini, ambao huwafukuza mitini. Uchunguzi uliofanywa baadaye Tanzania umeonyesha kwamba hao wadogo husitawi zaidi pale ardhi ilipopaliliwa ikawa tupu, na kwamba majani yakiachwa chini ya minazi, majimoto hupata nafasi.

Basi katika shamba la minazi lililogeuka pori, majani yafyekwe yawe mafupi, yasing'olewe yote kwa jembe. Viota vilivyo juu ya minazi viachwe, na yakatwe matawi yale tu ya miti mingine yaning'iniayo juu ya njia wapitapo watoto.