Mtoto anataka raba mpya za mbio? Anza na mazoezi

Tabora. Msimu wa mashindano ya shule unapokaribia, mazungumzo ya aina moja husikika katika nyumba nyingi, iwe ni kata ya Lusu wilayani Nzega au katikati ya mji wa Tabora.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mbona umenuna?”

“Nimechaguliwa mbio za mita 1,500. Wenzangu wana raba nzuri. Mimi sikimbii na hizi, watanicheka.”

Mama anatazama miguu ya mwanawe. Yeboyebo zimekatika mkanda, zimeungwa kwa waya. Anapiga hesabu kichwani: fedha ya tumbaku bado, sare ya mdogo wake bado, na unga unaelekea kuisha. Anajibu kama wazazi wengi wanavyojibu: “Subiri kwanza mwanangu. Baba yako akiuza tumbaku tutaona.”

Mtoto anasubiri, na wakati wote anaposubiri hakimbii. Zinapita wiki mbili, zinapita tatu. Hapo ndipo hasara ilipo, kwa sababu stamina huanza kupungua ndani ya wiki mbili au tatu za kukaa bila mazoezi. Raba zikija kununuliwa, zitamkuta mtoto amerudi nyuma kuliko siku alipozililia.

Swali linalomkabili mzazi ni hili: kati ya viatu vipya na mazoezi, kipi kinamfanya mtoto akimbie vizuri? Na kama fedha ni kidogo, iende wapi?

Mazoezi yanabadilisha mwili

Mtoto anapokimbia mara kwa mara kwa wiki kadhaa, moyo wake hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na misuli hutumia hewa ya oksijeni vizuri zaidi. Mifupa nayo huimarika. Mabadiliko hayo hayauzwi dukani.

Watu wa Tabora wanalijua jambo hili tangu zamani. Katika karne ya 19, misafara ya biashara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilitegemea sana wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa safari ya miezi. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora Novemba 1857 baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walizoeshwa kubeba pembe ndogo ya ndovu begani tangu wakiwa wadogo kabisa.

Kazi ile ilikuwa ngumu, na wengi walikufa njiani kwa njaa na ndui. Hakuna mzazi anayetamani mwanawe aipitie. Lakini wazee wale walielewa kwamba mwili wa safari ndefu hujengwa taratibu, kwa miaka.

Rekodi ya Bayi ilidumu miaka 48

Februari 2, 1974, Mtanzania Filbert Bayi alishinda mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand. Aliongoza tangu mwanzo na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ikiwa rekodi ya dunia.

Rekodi ya dunia ilikuja kuvunjwa na wengine, lakini muda huo ulibaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi 2022, Muaustralia Oliver Hoare alipokimbia kwa dakika 3 na sekunde 30.12 mjini Birmingham. Ni miaka 48. Ni kweli kwamba fainali nyingi hukimbiwa kwa kuviziana na muda huwa mrefu. Hata hivyo, katika miaka hiyo yote viatu vilibadilika mara nyingi, na mbio 11 za michezo hiyo zilipita bila yeyote kumfikia.

Kabla yake, mwaka 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma akiwa peku. Viatu vipya alivyopata havikumkaa vizuri, akaamua kukimbia kama alivyozoea mazoezini. Miaka minne baadaye mjini Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, na akaweka muda bora zaidi. Viatu vilibadilika, mshindi hakubadilika.

Hata gofu, mchezo unaojulikana kwa vifaa vya gharama, una hadithi kama hiyo. Leo sheria zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14. Mhispania Seve Ballesteros alijifunza utotoni kwa fimbo moja tu, akipiga mipira kwenye mchanga wa ufukwe wa kijijini kwao. Kwa fimbo hiyo moja alilazimika kubuni kila aina ya pigo. Baadaye alishinda mashindano makubwa matano.

Je, viatu havisaidii kabisa?

Vinasaidia, na mzazi anastahili kuambiwa ukweli huo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwapima wakimbiaji 18 wenye kasi kubwa. Viatu vipya vyenye soli nene ya povu na bamba la kaboni ndani yake viliwapunguzia matumizi ya nishati kwa wastani wa asilimia 4, ikilinganishwa na viatu vingine vya mashindano.

Kwa bingwa anayetafuta sekunde chache, asilimia 4 ni kubwa. Ndiyo maana mwaka 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia liliweka mipaka: soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu.

Lakini tazama kilichotokea Tokyo Septemba 15, 2025. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa jirani wa Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia akiwa sawa kwa dakika na sekunde na Mjerumani Amanal Petros, saa 2:09:48. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Kwenye mbio za kiwango kile kila mtu ana viatu vizuri, kwa hiyo tofauti inatafutwa kwingine. Simbu alikuwa amepata shaba ya dunia London mwaka 2017. Kati ya shaba na dhahabu kuna miaka minane ya mazoezi.

Mtoto wa darasa la sita yuko mbali sana na hesabu za asilimia 4. Akifanya mazoezi ya mpangilio kwa miezi michache anaweza kupunguza muda wake kwa kiasi ambacho kiatu hakiwezi kumpa.

Peku nako si sifa

Habari ya Bikila isimfanye mzazi aseme, “Basi na wewe kimbia peku.” Mabuu ya minyoo ya safura huishi kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi na huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu. Yakishakua, minyoo hunyonya damu kwenye utumbo. Mtoto mwenye safura anaweza kupungukiwa damu, akachoka upesi na kuhema haraka. Mzazi akadhani kinachokosekana ni raba, kumbe kinachokosekana ni damu.

Kuna pia miiba, vipande vya chupa na misumari, ambavyo vinaweza kuleta pepopunda kwa mtoto ambaye chanjo zake hazikukamilika.

Kwa hiyo kiatu kinahitajika, kwanza kwa ajili ya afya na baadaye sana kwa ajili ya kasi. Raba rahisi inayomkaa mtoto vizuri inatosha. Pamoja nayo, hakikisha anapata dawa za minyoo zinapotolewa shuleni, na choo cha nyumbani kinatumika na kila mtu.

Ukienda kununua, hata mitumbani

Nenda na mtoto mwenyewe, ikiwezekana jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo mchana kutwa. Ajaribu viatu vyote viwili akiwa na soksi na kusimama wima. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisigino kisichomoke anapotembea.

Kiatu cha mtumba kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kama kimelala upande mmoja, kiache, maana kimeshafuata mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kikunje: kinapaswa kupinda pale vidole vinapoanzia, siyo katikati ya unyayo. Usinunue kikubwa mno eti akue nacho. Mguu ukicheza ndani, hutoa malengelenge na mtoto huanguka.

Kiatu kipya asikivae kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Akitumie mazoezini kwa wiki moja au mbili kwanza.

Ratiba isiyo na gharama

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za shughuli za kutoa jasho kila siku. Kwa watoto wengi wa vijijini sehemu ya muda huo imeshapatikana. Anayetembea kilomita nne kwenda shule na nne kurudi, kisha akachota maji, ameshafanya kazi. Ihesabu kabla ya kumuongezea.

Anayejiandaa kwa mbio anaweza kukimbia siku tatu au nne kwa wiki. Siku nyingi iwe mbio nyepesi, ambayo anaweza kukimbia huku akiongea na mwenzake. Siku moja akimbie kwa kasi vipande vifupi, akipumzika katikati. Angalau siku moja kwa wiki asifanye mazoezi kabisa. Ongeza umbali kidogo kidogo, kwani misuli huzoea haraka kuliko mishipi inayoishikilia kwenye mfupa.

Wakati wa joto kali, kama Septemba na Oktoba mkoani Tabora, mazoezi yawe asubuhi au jioni, na maji yawepo.

Chakula kisizidi uwezo wa nyumba: maharage, karanga, maziwa, mboga za majani, viazi vitamu au michembe. Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12, na vijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Simu izimwe mapema.

Dalili za kutopuuza

Watoto wa miaka 8 hadi 14 hivi wanaocheza sana wanaweza kupata maumivu ya kisigino au chini ya goti, mahali mfupa unapoendelea kukua. Mara nyingi dawa yake ni kupunguza mazoezi, siyo kubadilisha viatu kila mwezi.

Mpeleke kituo cha afya akichechemea kwa siku kadhaa, akiumwa mfupa sehemu moja hata usiku, au akipata maumivu ya kifua. Akizimia wakati wa kukimbia, apelekwe mara moja. Mtoto mwenye selimundu, pumu au tatizo la moyo aonwe na daktari kabla ya kuanza maandalizi. Mwenye homa asikimbie.

Jibu jingine la mama

Turudi kwa yule mama mwenye yeboyebo zilizoungwa kwa waya. Hakukosea kusema fedha haipo. Lakini upo msaada mwingine anaoweza kuutoa leo.

“Raba za bei rahisi tutatafuta gulioni wiki hii, za kukukaa tu. Hizo za duka kubwa tuziache. Kesho asubuhi uamke mapema, kimbia hadi kwenye ule mwembe na kurudi. Mimi nitakuhesabia muda kwenye simu.”

Mtoto atataka kujua kama kesho kutwa amepunguza sekunde. Siku ya mashindano huenda akashindwa na mwenzake mwenye raba nzuri, huenda akamshinda. Vyovyote iwavyo, atakuwa amefika mstarini akiwa na wiki sita za mazoezi miguuni, na mama anayejua muda wake.