MCHEZA KWAO HUTUZWA
Muziki wa viwanja vidogo katika Pwani ya Kusini, na namna ya kuufaidi

Wazee wa pwani walisema, "Mcheza kwao hutuzwa." Siku hizi methali hii hutumiwa kwa mambo mengi, lakini maneno yake yenyewe yatoka uwanjani, penye ngoma na mwimbaji, na huko ndiko maana yake kamili ipatikanako. Mchezaji aliye kwao ana watu wamjuao, waelewao anachokisema, na walio tayari kutoa kitu mkononi ili aendelee. Akikosa watu wa namna hiyo, hata akiwa fundi, hunyamaza au huhama. Katika Kaunti ya Kwale, tangu Ng'ombeni hadi Vanga, muziki upigwao kwa mikono ya watu bado upo. Makala haya yaeleza mahali upatikanapo, namna zake, na jinsi msikilizaji awezavyo kuufaidi naye akausaidia usife.

VIWANJA VYA NAMNA TATU

Yafaa kujua kwanza kwamba viwanja ni vya namna tatu. Cha kwanza ni ua wa nyumbani, penye harusi au sherehe nyingine. Hapo hakuna tikiti. Mwenye shughuli ndiye alipaye kikundi, na majirani huja kwa kualikwa au kwa kusikia ngoma ikilia. Cha pili ni hoteli za ufuoni Diani, ambako bendi hupiga jioni kwa wageni walio mezani. Cha tatu ni baa na mikahawa midogo ya Ukunda, Msambweni na mji wa Kwale, ambako mwenye mahali huita bendi mwisho wa juma akitumaini kwamba watu watakuja, watakunywa, na fedha itakayopatikana itawatosha yeye na wapigaji.

Mtu atokaye kisiwani Mombasa huvuka kwa feri ya Likoni, ambayo haimtozi nauli aendaye kwa miguu, kisha hupanda matatu hadi Ukunda, mwendo upatao kilomita 30. Shida haiko katika kwenda, iko katika kurudi, kwa sababu usiku wa manane magari huwa machache. Mwenye busara hupanga safari ya kurudi kabla ya kuondoka kwake.

Tena ni lazima kufuata majira. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na katika mwezi wa Ramadhani ngoma na taarabu hunyamaza. Baada ya Idi harusi huwa nyingi. Kwa upande wa hoteli, miezi ya mvua ya masika, yaani Aprili na Mei, ndiyo miezi ya wageni wachache na kazi chache kwa bendi.

NGOMA, TAARABU NA BANGO

Ngoma ijulikanayo sana kwa Wadigo ni sengenya. Hupigwa kwa ngoma kadha wa kadha zenye ukubwa mbalimbali, ndogo zikijibu kwa haraka na kubwa zikishika mwendo kwa sauti nzito, pamoja na upatu wa chuma, na juu ya vyote nzumari. Mgeni asikilize nzumari hiyo kwa makini. Mpigaji huweka akiba ya hewa mashavuni, akavuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma, na kwa hiyo sauti haikatiki hata kidogo. Ufundi huo huchukua miaka kujifunza, wala haufundishiki kwa kitabu. Kijana huketi karibu na mjuzi mpaka naye akajua.

Kwa Waduruma, upande wa Kinango, sauti ya kayamba husikika sana. Kayamba ni matete yaliyoshonwa pamoja mfano wa ubao mwembamba, yakatiwa mbegu kavu ndani. Likitikiswa na mtu mmoja lasikika kama mvua ya mbali. Wakilitikisa watu kumi, ni mvua yenyewe imefika.

Taarabu ilikuja kwa njia nyingine. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na santuri zile zilisikika pwani yote. Mombasa nako kukatokea mabingwa wake: Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa kwa sauti zenye ladha ya Kihindi, Zein l'Abdin kwa udi wake, Zuhura Swaleh kwa nyimbo zenye mwendo wa chakacha, ambayo ni ngoma ya wanawake katika harusi. Kutoka Mombasa taarabu ilivuka Likoni, na hata leo harusi nyingi za Kwale hazihesabiwi kuwa zimekamilika bila nyimbo hizo.

Bango ni mtindo wa dansi uhusishwao sana na Joseph Ngala, mpiga saksafoni wa Freretown, Mombasa. Ndani yake mna rumba, mna sauti za bendi za tarumbeta za zamani, na mna mwendo wa ngoma za Kimijikenda. Ndiyo sababu babu na mjukuu huweza kucheza wimbo mmoja, kila mmoja akidhani ni wa rika lake.

FAIDA NA HASARA YA HOTELI

Hoteli zimewalisha wanamuziki wengi, na jambo hili lisidharauliwe. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilitoa "Jambo Bwana", wimbo uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison kwa ajili ya kuwakaribisha wageni. Mwaka uliofuata kundi la Boney M. la Ulaya liliutoa kwa namna yake. Tangu hapo haipiti jioni hotelini pasipo mgeni kuuomba.

Lakini hapo pana mtego. Bendi iombwayo nyimbo zile zile tano kila usiku haina haja ya kutunga ya sita. Mgeni wa juma moja hatambui kwamba amesikia jambo la zamani, kwa kuwa kwake yeye ni jipya. Mwenyeji ndiye atambuaye, na mwenyeji hayupo pale. Hivyo fundi hupata chakula, na ufundi wake hukaa na njaa.

Hatari ya pili ilionekana wazi mwaka 2020. Mwezi wa Machi Serikali ilizuia mikusanyiko kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na tangu tarehe 8 Aprili hadi mwanzo wa Juni watu hawakuruhusiwa kutoka wala kuingia Kwale. Wageni wakakosekana, na harusi kubwa zikakatazwa. Mpigaji aliyetegemea hoteli peke yake, na mpigaji aliyetegemea harusi peke yake, wote wakalala mlango mmoja. Mikusanyiko iliporudi, wenyeji ndio waliokuwa karibu. Mgeni wa mbali alingoja mpaka ndege ziruhusiwe.

TUZO NI NINI

Wengi hudhani tuzo ni bakshishi tu. Sivyo. Katika taarabu, mtu huinuka kitini pale mwimbaji afikapo katika maneno yaliyomgusa, akaenda mbele polepole huku ameinua noti juu, watu wote wakimwona. Kwa kitendo hicho amesema mambo mawili. Amemwambia mwimbaji, "Umesema kweli", na amemwambia fulani aliyeketi kule nyuma, bila kumtaja jina, "Maneno haya ni yako." Kwa hiyo noti ile ni malipo na ni usemi pia. Siku hizi fedha huweza kutumwa kwa simu, na hilo ni jema kwa mpigaji arudiye nyumbani usiku, maana hawezi kunyang'anywa njiani. Walakini fedha ya simu haionwi na mtu, na msemo wake hupotea. Bora mtu ainuke aonekane, japo noti yake ni ndogo.

Tena tuzo ina hesabu yake. Tuchukue mfano. Bendi ya watu 6 yakubaliana na mwenye baa kupiga kwa shilingi 12,000. Gari la kuchukua vyombo ni 3,000. Zabaki 9,000, yaani shilingi 1,500 kwa kila mtu, naye alianza kazi saa kumi jioni, akamaliza saa nane usiku, bila kuhesabu siku za mazoezi. Mpiga santuri mmoja, aitwaye siku hizi dijei, aweza kuifanya kazi ya usiku ule kwa fedha pungufu, akiwa na mashine yake na spika mbili. Mwenye baa ni mfanyabiashara. Akiona watu hawatofautishi, ataita mashine. Kwa hiyo swali la kama muziki wa mikono utadumu haliamuliwi na mpigaji wala na mwenye baa. Laamuliwa na mtu aliyeketi mezani.

ADABU ZA MSIKILIZAJI

Kwanza, njoo mapema na uketi karibu. Bendi ikipiga mbele ya viti vitupu hupoteza moyo, na saa ya kwanza ndiyo saa ya nyimbo zisizoombwa na mtu, ambazo wapigaji huzipenda wenyewe.

Pili, lipa kiingilio bila kubishana. Kusema "Mpigaji ni ndugu yangu" si sababu ya kuingia bure. Ndugu ndiye apaswaye kulipa kabla ya wengine.

Tatu, omba wimbo wa kwenu angalau mmoja. Mpiga gita ajuaye kwamba kuna mtu pale alijuaye sengenya atalitia gitani, na hivyo ndivyo nyimbo mpya zizaliwavyo.

Nne, usipige picha kwa simu bila ruhusa. Katika shughuli za wanawake mwanamume hangojei kukatazwa. Hukaa mbali mwenyewe.

Tano, tofautisha burudani na ibada. Ziko ngoma za kutibu wagonjwa, na ziko desturi za kaya ambazo si za kutazamwa kama mchezo. Misitu ya kaya za Wamijikenda, na Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani ni mojawapo, iliandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Aingiaye huko hufuata maagizo ya wazee.

Sita, wakumbuke majirani. Spika iliyofunguliwa mno haiongezi utamu; huleta mashtaka, na kiwanja hufungwa. Ngoma ikilia sana hupasuka.

Mambo haya si mazito. Mtu wa Msambweni au Ukunda akienda mara moja kwa mwezi mahali palipo na bendi, akalipa, akasikiliza, akainuka kutuza pale moyo wake ulipoguswa, amefanya kazi isiyoweza kufanywa na mgeni wala na Serikali. Kijana anayejifunza nzumari leo hutazama jambo moja tu: je, yule mzee anayemfundisha, akipiga kwao, hutuzwa? Akiona hutuzwa, ataendelea kujifunza. Akiona hatuzwi, ataiweka nzumari chini akatafute kazi nyingine, na hapatakuwa na wa kumlaumu.