Mwanafunzi Asiyeona na Lugha ya Tarakilishi

Shule ya wasioona ya St. Lucy's, iliyoko Igoji katika Kaunti ya Meru, huwafunza wanafunzi wake kusoma kwa vidole, yaani kwa Breli. Anayetoka huko na kusomea tarakilishi chuoni, Meru au Embu, hukumbana na lugha nyingine ngeni: lugha ya programu.

Kisoma-skrini humtamkia maandishi, lakini mchoro usio na maelezo hukinyamazisha. Aidha, katika lugha ya Python, nafasi tupu mwanzoni mwa mstari hubeba maana. Asiyeitambua hukosea bila kujua alipokosea. Akishindwa mara kadhaa, hudhani upofu ndio uliomshinda.

Dhana hiyo ina jibu. Mnamo 2006, Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianza kuunda NVDA, kisoma-skrini kitolewacho bila malipo. James Teh, asiyeona pia, akajiunga naye. Sehemu kubwa ya chombo hicho imeandikwa kwa Python iyo hiyo, nacho huweza kutangaza nafasi za mwanzo wa mstari kwa maneno au kwa mlio.

Kwa hivyo, anayemwambia mwanafunzi huyo 'jikaze' na amwonyeshe pia jinsi ya kuwasha tangazo hilo. Mhadhiri naye asome kwa sauti kila aandikacho ubaoni, na michoro aieleze kwa maandishi kabla ya kipindi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kupata nyenzo za kumwondolea vizuizi. Asisaidiwe kwa hisani.