Kabla ya Kupeleka Boksi la Vitabu Maktaba

Mwezi uliopita nilifungua kabati la ofisini kwangu kwa nia njema: kutoa vitabu nisivyovisoma tena na kuvipeleka katika maktaba ya umma, ambako vijana hujaa kila alasiri na rafu hazitoshelezi kiu yao. Nilikwisha panga vitabu 24 kwenye boksi. Kimoja nilikifunua kwa ajili ya kumbukumbu tu, nikakutana na sura ya malaria niliyoipigia mistari enzi za uanafunzi. Dawa ya kwanza iliyotajwa ilikuwa klorokwini.

Tanzania iliacha kuitumia klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa sababu vimelea vilikuwa vimejenga usugu dhidi yake. Ikafuata SP, nayo ikaipisha dawa mseto ya ALu mwishoni mwa 2006. Lakini ukurasa ule ulikuwa safi, na dozi ya mtoto imepangwa kwenye jedwali kulingana na uzito wake. Mzazi atakayekikuta kitabu hicho katika maktaba ya umma ana kila sababu ya kukiamini. Mimi najua kilipopitwa na wakati, yeye atajuaje?

Riwaya haina tatizo hilo. *Kusadikika* ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951 na hakuna msomaji inayemdhuru kwa uzee wake. Hata katika taaluma yetu, mifupa ya mwili haibadiliki, hivyo atlasi ya anatomia ya miaka 20 iliyopita ingali mwalimu mzuri. Vitabu vya dawa na huduma ya kwanza havina bahati hiyo. Vipo vya zamani vinavyoelekeza kuchanja palipoumwa na nyoka na kufyonza sumu, jambo tunalolikataza leo kwa kuwa huongeza jeraha bila kuiondoa sumu. Ndugu msomaji, tazama mwaka wa toleo nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu kabla hujafunga boksi lako.

Nilimpigia simu mkutubi, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Akaniambia, kwa upole, kwamba majuzuu mazito ya Kiingereza anayo mengi yasiyoazimwa. Wasomaji wake huulizia hadithi za Kiswahili na biolojia ya sekondari. Akaniomba pia nikague kuvu. Kitabu chenye unyevu huambukiza jirani zake rafuni, na vumbi la kuvu huamsha pumu. Hilo nilipaswa kulijua bila kuambiwa.

Boksi liliondoka na vitabu 11. Vile vya tiba vilivyobaki nilivichana kabla ya kuvitoa kama karatasi chakavu, kwani vikitupwa vizima huokotwa vikauzwa kando ya barabara.