Diski ikigonga, ichomoe: Nilichojifunza nikitafuta sauti ya shosho

Stima ilipotea saa mbili usiku, mvua ya Aprili ikipiga mabati vile inavyojua kupiga hapa Embu. Nikainuka gizani nitafute simu niwashe tochi. Mguu ukanasa kwenye waya, na diski yangu ya nje ikatoka mezani ikatua kwenye simiti. Meza yenyewe ni fupi, hata mita moja haifiki. Lakini laptopu ilikuwa na chaji, kwa hivyo diski ilikuwa bado inazunguka ilipoanguka. Shida ilianzia hapo.

Nikaichomeka tena. Tik. Tik. Tik. Kimya. Halafu tik tena.

Ndani ya diski hiyo kulikuwa na kazi za wateja: video za ruracio mbili na mazishi moja. Hizo zilinitoa jasho. Lakini kulikuwa pia na folda niliyoiita "Shosho". Karibu saa nne za mazungumzo niliyomrekodi kwa simu, tukiwa tumekaa jikoni kwake upande wa Runyenjes, akinisimulia kwa Kiembu maisha ya enzi za Hali ya Hatari: jinsi walivyohamishwa wakaishi vijijini chini ya ulinzi, na jinsi wanawake walivyochimbishwa handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya ili wapiganaji wa Mau Mau wasipate chakula. Shosho alifariki mwaka uliofuata. Simu ile niliiuza. Nakala ilikuwa moja tu duniani, na sasa ilikuwa inasema tik.

Wacha niwaambie nilichofanya, ili wewe usikifanye. Niliichomeka kwenye laptopu yangu, nikachomoa, nikachomeka tena. Nikaipeleka kwa beshte yangu, tukajaribu kwake. Nikaenda saiba, tukajaribu kompyuta mbili. Msee mmoja akaniambia niipige kidogo kwa kiganja, eti kichwa kimekwama. Mwingine akasema niifunge kwa nailoni, niilaze kwenye friza usiku kucha, asubuhi itaamka. Kilichoniokoa ni kwamba kwetu hakuna friza.

Siku ya tatu ndipo nikafika kwa fundi mmoja mwenye kibanda karibu na steji ya matatu. Mzee wa makamo, miwani kwenye paji la uso. Hakuigusa diski. Aliniuliza swali moja tu.

"Kijana, tangu ianguke umeiwasha mara ngapi?"

Nikajikuna kichwa. "Labda mara kumi na tano, fundi."

Akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa baada ya mganga kumaliza dawa zake zote.

KINACHOGONGA NI NINI?

Ndani ya diski ya kawaida ya nje kuna sahani nyembamba zinazong'aa kama kioo. Nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kidogo cha kusoma, ambacho hakigusi sahani: kinaelea juu ya hewa, umbali wa nanomita chache tu. Unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi. Sasa fikiria hiyo diski ikianguka.

Kichwa kikigonga sahani, kinaweza kuumia chenyewe, kukwaruza sahani, au yote mawili. Ukiwasha, kinajaribu kusoma, kinashindwa, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Huko kwenda na kurudi ndiko unakosikia kama tik. Na kila tik inaweza kuwa kichwa kilichovunjika kikiparura mahali penye picha zako. Ule mkwaruzo hakuna programu duniani inayoweza kuufuta.

SIKILIZA KWANZA

Fundi alinifundisha kwamba diski mbovu husema ugonjwa wake, ukiipa sikio.

Ikiwa kimya kabisa na taa haiwaki, usikate tamaa mapema. Anza na waya. Zile nyaya za diski za nje hulegea haraka, hasa ukizoea kubeba diski begani ikiwa na waya wake. Jaribu waya mwingine na tundu lingine la USB. Kama unatumia kompyuta ya mezani, chomeka nyuma, kwa sababu matundu ya mbele wakati mwingine hayatoi nguvu ya kutosha. Kuna watu wamelia bure kwa sababu ya waya wa bei ya chakula cha mchana.

Ikizunguka vizuri bila kelele, lakini kompyuta inakuambia uifomati kabla ya kuitumia, usikubali! Hapo mara nyingi data iko sawa. Kilichoharibika ni orodha inayoonyesha kila faili iko wapi. Ukifomati unaandika orodha mpya tupu juu ya ile ya zamani. Pia usikimbilie ile programu ya Windows ya kurekebisha makosa, CHKDSK. Kazi yake ni kunyoosha diski iweze kutumika tena, na ikihitaji kukata faili zako ili ifike hapo, itakata.

Ikigonga, ikiparura, au ikilia pi-pi-pi kama injini iliyonyimwa nguvu ya kuzunguka, chomoa. Usijaribu hata mara moja zaidi. Hiyo si kazi ya programu tena. Inataka maabara yenye hewa iliyochujwa vumbi, na mara nyingi diski nyingine ya aina ileile itolewe vichwa. Ukiifungua kwenye meza ya jikoni, vumbi moja tu linatosha kumaliza mchezo. Na friza? Ukiitoa, maji yanaganda ndani kama jasho kwenye chupa ya soda baridi. Halafu unaizungusha mara 90 kwa sekunde.

Kuna jambo jingine nilikuwa karibu kulifanya: kuvunja kasha na kuchomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta. Baadhi ya diski za nje husimba data kupitia kibodi kidogo kilichomo ndani ya kasha. Ukiitenga nacho unapata herufi zisizo na maana.

NAKILI KWANZA, TAFUTA BAADAYE

Yangu ilikuwa na bahati nusu. Fundi aliiwasha kwa sekunde chache, akasikiliza, akaizima. Iligonga mara mbili halafu ikashika. Akaniambia kuna mahali inasoma na mahali haisomi, na kwamba tuna nafasi moja. Alinitajia pia bei ya maabara ya Nairobi. Ilikuwa mara kadhaa ya bei ya diski mpya, na mimi mfukoni nilikuwa na nauli. Kama ningekuwa nazo, angenituma huko bila kugusa chochote. Hilo alilisema waziwazi.

Alichofanya si kutafuta faili. Alinakili diski nzima, sehemu kwa sehemu, hadi kwenye diski nyingine nzima yenye ukubwa uleule. Alitumia ddrescue, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Linux, na Linux yenyewe unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi. Uzuri wake ni adabu yake. Inaanza na sehemu zinazosomeka, inaruka zilizo mbovu, kisha inazirudia mwishoni. Na inaandika daftari la ilipofika, kwa hivyo stima ikipotea haianzi upya. Kwa hapa kwetu, hiyo ni muhimu.

Ilichukua siku mbili na nusu. Baada ya hapo diski mbovu ikawekwa kando, na kazi yote ikafanywa kwenye nakala. Orodha ya faili ilikuwa imeharibika, kwa hivyo akatumia PhotoRec, nayo ni ya bure. PhotoRec haitegemei orodha. Inapekua diski ikitambua faili kwa jinsi zinavyoanza: picha huanza hivi, wimbo huanza vile. Kasoro yake ni kwamba haijui majina. Nilirudishiwa maelfu ya faili zenye namba tu.

Nilikaa usiku tatu nikifungua moja baada ya nyingine. Mlio wa simu. Wimbo wa kanisa. Sauti yangu nikijaribu maikrofoni. Halafu, bila kutarajia, sauti ya sufuria ikiwekwa chini, na shosho akiuliza kama hicho kitu kimeshaanza kurekodi.

Nilisimamisha nikatoka nje kidogo.

KILICHORUDI, NA KISICHORUDI

Rekodi zilikuwa saba. Tano zilirudi nzima. Moja haikupatikana. Ya saba inaanza vizuri, shosho akitaja majina ya wanawake aliochimba nao handaki, kisha inakatika baada ya jina la nne. Video za mazishi zilirudi. Ruracio moja ilirudi vipande vipande, na nikalazimika kumpigia mteja simu na kumrudishia pesa.

Nilimuuliza fundi kama yale majina yalipotea usiku ule diski ilipoanguka, au kwenye zile mara kumi na tano nilizoiwasha. Akasema hakuna anayeweza kujua. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Kwa sababu kuanguka pekee si lazima kuwe mwisho. Chombo cha angani Columbia kiliposambaratika kikirudi duniani Februari 1, 2003, wanaanga wote saba walifariki. Kati ya mabaki yaliyookotwa kulikuwa na diski iliyoungua na kupondeka. Wataalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack ya Marekani waliifungua, wakasafisha sahani zake na kupata takriban asilimia 99 ya data. Majaribio ya kisayansi yaliyokuwemo yalichapishwa mwaka wa 2008. Diski ilianguka kutoka angani ikapona kwa sababu ilifika mikononi mwa mtu aliyejua la kufanya. Yangu ilianguka kutoka mezani ikafika mikononi mwangu.

KABLA HUJAMPA FUNDI

Muulize atafanya nini kwanza. Akisema "nakili", endelea kuongea naye. Akisema ataifomati halafu atafute, chukua diski yako uende. Kubaliana naye kama utalipa data isipopatikana, na uone orodha ya faili kabla ya kutoa pesa zote. Kilichookolewa kihifadhiwe kwenye diski tofauti, kamwe si ileile.

Na kumbuka fundi ataona kila kitu: picha zako, kitambulisho chako, mambo ya wateja wako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki juu ya taarifa zako, lakini ni rahisi zaidi kukaa pale kazi ikifanyika na kuhakikisha nakala yake imefutwa ukiondoka.

NAKALA TATU

Wapiga picha wana kanuni ya zamani: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Kwa pesa zetu hiyo inaweza kuwa laptopu, diski, na Google, ambayo inatoa gigabaiti 15 bila malipo. Video za harusi hazitatosha humo. Sauti za shosho zinatosha na nafasi inabaki. Na ufungue hizo nakala mara kwa mara. Mwaka wa 1998, filamu ya Toy Story 2 ilipofutwa kwa bahati mbaya, Pixar waligundua kwamba nakala zao za akiba hazifanyi kazi. Iliyowaokoa ilikuwa kwenye kompyuta ya mfanyakazi mmoja nyumbani kwake.

Zile rekodi sita sasa ziko kwenye simu ya mamangu, kwenye simu za shangazi zangu wawili, na mtandaoni. Wiki iliyopita shangazi mkubwa alinipigia. Amekuwa akisikiliza ile inayokatika, na anadhani anamfahamu binti wa mwanamke mmoja kati ya wale wanne. Anaishi huko Manyatta na mamake angali hai. Jumamosi nitapanda matatu niende kumwona, na safari hii nitarekodi kwa simu mbili.