Pikipiki ya kwanza kwa mtu mfupi: pima mguu kabla ya kupima injini

Hakuna mtu anunuaye viatu kwa kusifiwa ngozi tu. Atakaa kitako, atavitia miguuni, atasimama na kutembea hatua mbili tatu, ndipo atoe fedha. La ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akienda kununua pikipiki, chombo kiwezacho kumvunja mguu wenyewe, hununua kwa masikio. Huulizia injini, huulizia petroli, huulizia rangi, kisha hulipa. Kwa mtu mrefu huenda mambo yakapita salama. Kwa sisi wafupi, kununua kwa masikio ni kuitafuta balaa kwa fedha zetu wenyewe.

Nasema "sisi" kwa kuwa kimo changu ni sentimita 155 nikiwa nimesimama wima. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mtaa wa Kuze, na riziki yangu kwa sasa iko Nairobi. Nakaa Kangemi, upande wa magharibi wa jiji, na kazi yangu iko katikati ya mji, si mbali na Msikiti wa Jamia. Baina ya hapa na hapo ni kilomita zipatazo kumi kwa Waiyaki Way. Masafa hayo si kitu. Lakini jioni ya mvua nauli ya matatu hupanda, foleni hurefuka, na mwanamke hushushwa kituoni saa tatu za usiku, akaanza kuteremka bondeni kwa miguu peke yake. Hayo ndiyo yaliyonifanya niweke akiba miaka miwili kwa ajili ya pikipiki.

Nilipompigia simu mamangu, hakuuliza bei wala aina. Aliuliza, "Mwanangu, huko juu miguu yako itafika chini?" Alisema hivyo kunikataza. Lakini bila ya kukusudia alitaja jambo ambalo wauzaji wote niliowatembelea baadaye hawakulitaja hata mara moja.

MGUU KWANZA

Jambo la awali ni kuupima mguu. Vaa viatu utakavyopandia pikipiki, simama uegemee ukuta, tia kitabu kigumu baina ya mapaja mpaka kiguse juu kabisa, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Mimi nilipata sentimita 73. Hiyo ndiyo hesabu ya kwenda nayo dukani, si kimo chako chote, kwani watu wawili wa kimo kimoja huweza kupitana miguu kwa sentimita tano.

Dukani tazama urefu wa kiti kutoka ardhini. Pikipiki nyingi za kazi zinazoonekana Nairobi, kama vile Boxer ya Bajaj na Star HLX ya TVS, zote za Kihindi, viti vyake hukaribia sentimita 80. Usivunjike moyo. Ukikaa, springi za nyuma hudidimia kidogo kwa uzito wako. Na si lazima nyayo mbili zilale chini kama umesimama sebuleni. Yatosha kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili, au kusogeza nyonga kidogo na kuulaza mguu mmoja imara.

Tena, utazame upana wa kiti. Kiti chembamba upande wa mbele huacha miguu iteremke moja kwa moja; kiti kipana huipanua, na sentimita mbili tatu zikapotea bure. Pikipiki mbili huweza kuandikwa urefu mmoja, ya kwanza ukaifika na ya pili ukaning'inia. Ndiyo maana karatasi haitoshi. Panda.

Katika duka moja la katikati ya mji nilioneshwa pikipiki ndefu ya njia za porini, ya cc 200. "Chukua hii, dada," akasema muuzaji, "utaizoea." Nikamwomba aishike, nikapanda, na vidole vyangu vikabaki hewani. Nikashuka, nikamshukuru. Mtu huzoea klachi, huzoea gia, huzoea hata makelele ya matatu. Lakini mfupa wa mguu haujapata kuzoea kurefuka.

INJINI NA HEWA YA BARA

Ama kuhusu injini, jamaa zetu wa pwani wangependa kujua jambo hili. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kadiri uelekeavyo magharibi ndivyo ardhi izidivyo kupanda. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini nayo hula hewa. Pikipiki ya petroli hupoteza hapa karibu sehemu moja katika sita ya nguvu iliyo nayo pwani. Ile ya cc 100 inayokwenda kwa raha katika tambarare ya Kisauni, ikimbeba abiria kuupanda mlima wa Kangemi itahema.

Basi je, mwanafunzi mfupi achukue ya cc 200? La. Nguvu huja pamoja na uzito. Pikipiki za cc 100 mpaka 150 aghalabu huwa baina ya kilo 105 na 125, na hizo mtu mdogo aweza kuzisukuma, kuzirudisha nyuma na kuzinyanyua zikianguka. Nami nimechagua ya cc 125, ambayo kiti chake nilikipima kwa futi nikapata sentimita 78. Haina fahari yoyote. Bodaboda wa mtaani huipita bila ya kuitazama. Lakini vipuri vyake vimejaa Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, na hakuna fundi wa Kawangware asiyeijua.

Wako watakaouliza, mbona nisichukue Vespa, kama akina dada wa Unguja waendao kazini na mabuibui yao? Swali zuri. Vespa ilitoka Italia mwaka 1946, na mhandisi wake, Corradino D'Ascanio, aliiacha wazi mbele ili mpandaji aingie bila ya kurusha mguu, akaifunika injini isichafue nguo, na mnyororo hakuutia kabisa. Kwa mwenye nguo ndefu ni chombo cha heshima. Honda nao mwaka 1958 walitoa Super Cub, isiyo na klachi ya mkono, na kufika mwaka 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100. Vyombo hivyo vinatufundisha kuwa wako wahandisi waliomfikiria mtu wa kawaida. Lakini Vespa ina magurudumu madogo, na shimo ambalo gurudumu la inchi 17 hulivuka kwa mtikisiko, gurudumu dogo huingia likazama. Kwa vichochoro vya Mji Mkongwe yafaa sana. Kwa njia za Kangemi na Kawangware wakati wa masika, mimi sikuthubutu.

Siku hizi ziko pia pikipiki za umeme, kama zile za kampuni ya Roam ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus. Pikipiki ya umeme ya namna hii haina klachi wala gia za kubadilisha, na hiyo ni nafuu kubwa kwa anayeanza. Hata hivyo sheria ni ile ile: panda kwanza, uone mguu umefika wapi.

SPONJI, SPRINGI NA BUIBUI

Ikiwa pikipiki imekupendeza na imebaki kidogo tu, kiti hupunguzwa. Ngong Road imejaa mafundi wa sofa, na fundi hodari hufungua ngozi ya kiti, akakata sponji sentimita mbili au tatu, akazifinya na kingo za mbele, kisha akashona upya. Yangu ilifanywa hivyo, na nyayo zangu sasa hugusa ardhi kwa sehemu ya mbele yote. Usikubali fundi akate springi. Pikipiki ikishushwa kwa njia hiyo, stendi ya kando huwa ndefu kupita kiasi, hata chombo hakiegemei vizuri, na tumbo la injini hukwaruza matuta ya barabarani.

Kuhusu mavazi, kanzu na buibui ni nguo za stara, lakini gurudumu halijui stara. Upindo ukinaswa na mnyororo au spoku, mpandaji huvutwa chini papo hapo. Huko India pikipiki hutakiwa kuwa na kinga ubavuni mwa gurudumu la nyuma kwa ajili ya akina mama wavaao sari. Hapa kwetu kinga hiyo mara nyingi hung'olewa ili kufunga vyuma vya mizigo. Mwambie fundi aiache, na uchague pikipiki ambayo mnyororo wake umefunikwa wote. Mimi hupanda na suruali pana na koti refu kidogo, buibui nikalikunja mkobani nikalivaa nikifika. Na kofia ya kujikinga ukainunue ukiwa umevaa mtandio mwembamba utakaoupandia, kwani kofia iliyopimwa kwa kichwa kitupu itakubana. Pini zote zitoe.

Kofia hiyo si pambo. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2008 zilionesha kuwa hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sheria ya Trafiki ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2012, nayo yataka kofia na koti la kung'aa, na abiria asizidi mmoja. Leseni ya pikipiki yako binafsi ni daraja A2. Ya kubebea abiria kwa malipo ni A3. Bima pia ni lazima. Yaingize hayo yote katika hesabu kabla ya kumaliza akiba kwa muuzaji.

PAHALA PA KUSIMAMA

Mtu mfupi haanguki akiwa mwendoni. Huanguka anaposimama. Kwa hiyo hodari wetu hujulikana kwa kuchagua pahala pa kusimama. Barabara huinuliwa katikati ili maji yateremke kandoni. Ukisimama ukingoni kabisa mwa kushoto, ardhi iliyo chini ya mguu wako wa kushoto huwa imeteremka, na zile sentimita mbili ulizozilipia kwa fundi wa sofa zikaliwa na mtaro. Simama ndani kidogo, pahali palipo sawa, pasipo mchanga wala mafuta.

Mlimani, kama pale Valley Road wakati magari yamesongamana, teremsha mguu wa kushoto na uuache wa kulia juu ya breki ya nyuma. Ondoka kwa kuachia klachi taratibu mpaka uhisi chombo kinataka kwenda, ndipo uiachie breki. Nalifanya zoezi hilo jioni nyingi uwanjani kabla ya kuingia barabarani. Barabara ya juu kwa juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, hairuhusu pikipiki, kwa hiyo sisi hubaki chini pamoja na matatu na malori, na chini huko husimamwa sana. Mvua zikinyesha, udongo mwekundu wa mitaa ya magharibi huteleza kama sabuni, na siku hizo huiacha pikipiki nyumbani bila ya kuona haya.

Mamangu hajakubali bado, nami simlaumu. Nimempelekea jibu la swali lake kwa sentimita, na kila Ijumaa huniuliza kama nimefika salama. Kwa wafupi wenzangu, wake kwa waume, nasema kimo si aibu wala si kizuizi. Kizuizi ni kupanda chombo kilichokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na pikipiki iliyochaguliwa kwa mguu wa jirani nayo ni nguo ya kuazima. Nenda dukani na futi mkononi, wala usione haya kushuka na kuaga.